Nywele za Stockholm

Picha za safari yao zilikuwa zimeshasafishwa. Nikazipanga mezani, hapa kwetu Soweto. Mume wangu alimpeleka binti yetu Thandeka Ulaya, akamwonyeshe miji aliyoishi ukimbizini enzi za makaburu.

Berlin wamesimama mbele ya kanisa. Praha wako darajani. Kichwani mtoto ana mabutu niliyomsuka mwenyewe.

Stockholm ana twende kilioni.

Nikamvuta Thandeka, nikamvua kofia aliyorudi nayo, nikapapasa kichwa chake. Mistari ilikwenda sawasawa hadi kisogoni, ncha zimefungwa kwa uzi mweusi, vilevile tulivyokuwa tukisukana kwetu Morogoro.

“Nani alikusuka?”

Akatazama jikoni kwanza, aliko baba yake. “Saluni, Mama.”

“Saluni gani ya Wazungu inasuka twende kilioni?”

“Eish, mama Thandeka, mtoto si amesema saluni?” mume wangu akadakia, akikoroga chai.

Nikachukua kitana, nikaanza kufumua. Thandeka akanishika mkono, machozi yakimlenga.

“Usifumue, Mama! Anti alisema zikae mpaka atakapokuja Krismasi kunisuka tena.”

Jikoni, kijiko kikanyamaza.