Mtu wa Kiti Namba Moja

Hakuna rubani nchini anayempenda mkewe kunishinda mimi, na serikali ni shahidi. Sheria inataka kila rubani aruke na mtu anayempenda kuliko wote, amkalishe kiti namba moja, ili asifanye mchezo na roho za watu. Mashine ya uwanjani hukupima moyo alfajiri, kisha hutoa tiketi. Miaka mitatu mfululizo imetoa jina la Nakijwa, mke wangu.

Leo imetoa la mama.

"Mashine imeamka vibaya," nikamwambia Nakijwa kwa simu. "Wewe pumzika tu."

Tulipokaribia kutua Bukoba, upepo wa ubavuni ukaanza kutusukuma nje ya njia. Sikubahatisha. Nikaongeza nguvu ya injini, nikapaisha ndege tena, nikazunguka mpaka upepo ukatulia. Mara ya pili nikatua kama unyoya. Abiria wakapiga makofi, na mama akapiga vigelegele mpaka miwani ikamdondoka.

Jioni nikasimulia yote mezani, mama akinichochea: "Huyu ndiye rubani niliyemzaa!"

"Upepo ulikuwa na kasi gani?" Nakijwa akauliza.

"Kilomita sitini kwa saa! Rubani mwenye akili zake hatui na upepo ule."

Akaendelea kunipakulia wali taratibu.

"Jumanne nilikuwa mimi kwenye kiti hicho, mume wangu. Bukoba hiyohiyo. Ulitutangazia mwenyewe kwenye spika, kilomita sitini. Ukatua moja kwa moja."

Mama akaacha kutafuna.