Harusi ya Kila Jumamosi

Bwana harusi alikuwa chini ya sinki, joho kalikunja mpaka kiunoni, anakaza koki ambayo haikuwa na kasoro yoyote. Alikuwa ameikaza asubuhi, akaikaza tena baada ya chai. Mikono ilitaka kazi, basi.

"We baba, hebu toka huko!" Shangazi alisimama mlangoni mwa jiko. "Ukilitia grisi joho la watu utavaa nini, shuka?"

Akatoka, akajipangusa magoti. Kuoa kwenyewe hakukumtisha. Alikuwa ameoa kila Jumamosi tangu msimu wa wageni uanze, mke yuleyule, jukwaa lilelile pembeni ya bwawa la kuogelea. Siku nyingine zote alikuwa fundi bomba wa hoteli, na mkewe wa Jumamosi alikuwa dobi wa hapo hapo. Shangazi alikuwa mpishi, na shangazi wa huyo dobi kwelikweli; jukwaani aliigiza mama mtu.

Meli ikitia nanga, wageni walishuka na kamera zao kuja kutazama Tamasha la Utamaduni. Ubao wa getini ulisema ni mila ya kale ya kisiwa: bibi harusi huulizwa mara tatu, hukataa mara mbili, hukubali ya tatu. Ukweli ni kwamba mila hiyo ilizaliwa ofisini kwa meneja wa burudani, na bwawa la kuogelea liliizidi umri. Lakini wageni waliipenda mno. Dobi akisema "sitaki" ya pili walishika vifua. Akisema "nakubali" walipiga makofi mpaka kunguru wakahama miti.

Taabu ni kwamba fundi alimpenda huyo dobi, na si Jumamosi tu. Juzi alimfuata kwenye kamba za kuanikia nguo, akamwambia yote yaliyokuwa moyoni. Dobi aliendelea kubana mashuka.

"Nishakukubali mara ngapi wewe?" alimcheka. "Hilo neno limeshachuja, bwana. Tumelifua mno."

"Basi Jumamosi liseme kivingine. Kama unanitaka, kubali swali la kwanza. Kama hunitaki, kataa kama siku zote, nami nitaelewa. Jioni naondoka na boti. Kuna kazi nimeitiwa ng'ambo."

Dobi aliacha kucheka. Tangu hapo akawa akimwona fundi anapita njia ya pili.

Begi lilikuwa limeshafungwa, limefichwa nyuma ya tangi la maji. Fundi alinyoosha viti vilivyokuwa vimenyooka. Akaenda chooni, akarudi, akaenda tena. Alitaka muda ukimbie, kisha akataka usimame.

Meneja alikuja mbio akijifuta jasho, simu mkononi. Akamnong'oneza Shangazi jambo, na Shangazi akashika njia ya chumba cha kufulia, kandambili zikimpigapiga visigino.

"Kuna nini?" fundi aliuliza.

"Hayakuhusu. Wewe kazi yako kusimama na kutabasamu. Bwana harusi hana maneno." Meneja akacheka mwenyewe. "Kama ndoa zote."

Ngoma zikalia. Bibi harusi akatokea upande wa bustani, shela usoni, akapanda jukwaani na kusimama bega kwa bega na fundi bila kumtazama. Shangazi alifika nyuma kabisa, anahema, akajibwaga kwenye kiti cha mama mtu.

Meneja akainua kipaza sauti. "Binti, unamkubali huyu awe mumeo?"

Fundi aliliangalia lile shela likipanda na kushuka kwa pumzi.

"Nakubali," dobi alisema.

Makofi yakalipuka. Meneja wala hakushtuka. Alifunga shughuli harakaharaka na kuwaaga wageni. Fundi hakujua kama amekanyaga mbao au hewa. Alitaka kumshika mkono mkewe, lakini wageni walishamzingira kwa picha. Akaruka chini, akamkumbatia meneja bila kujali cheo.

"Umesikia? Kakubali mara ya kwanza!"

"Si nimemwagiza!" Meneja alijinasua. "Nahodha kanipigia, bahari inachafuka, meli inaondoka mapema. Nikamtuma Shangazi akamwambie leo tunafupisha, akubali hapo hapo. Msikivu yule binti, si kama nyinyi."

Furaha yote ilimwishia fundi miguuni. Alijiona mjinga aliyecheka peke yake ukumbini. Alivua joho, akalikunja vizuri kuliko siku zote, akaliacha juu ya kiti. Akaenda kulitoa begi nyuma ya tangi. Hakuwa na hasira na mtu. Ila gati lilionekana mbali sana.

Alirudi mara moja kumkabidhi meneja spana za hoteli.

"Ndiyo nini hii? Unakwenda wapi?" meneja aliuliza.

Dobi alikuja akipenya katikati ya viti, shela limekunjwakunjwa mkononi, macho chini. Alisimama mbele ya meneja kama mtu aliyevunja chombo cha nyumba.

"Meneja, nisamehe," alisema. "Najua nimekuharibia mchezo mbele ya wageni. Nilitakiwa nikatae kwanza mara mbili, lakini leo ulimi umegoma."