Oda ya Nyumba Nzima

Mteja wa saba wa asubuhi ile alipoingia kwa mgeni, Bi Mkasi alijidunga sindano kidoleni.

Mtaa mzima ulishona mapazia, maduka tisa yaliyobanana. La mgeni, lililofunguliwa mwezi uliopita, lilikuwa la kumi, tena mkabala na lake. Wivu ulimkaba. Miaka kumi na miwili wamehangaika kuwazoesha watu kuja mtaa huu wakitaka mapazia, halafu anatokea mtu na cherehani mpya, anavuna tu!

"Utatoboa ukuta kwa macho, wifi," dada wa mumewe alimtania.

"Badala ya kucheka, nisaidie. Yeye hakujui. Nenda kaagize mapazia ya nyumba nzima, kisha usikanyage tena pale."

"Rangi gani?"

"Utakayoipenda. Mradi asipate mwingine wa kumuuzia."

Wifi alirudi anacheka. Mgeni, kwa kutafuta jina, hakudai hata malipo ya awali. Siku hiyo Bi Mkasi alikula akashiba, mara ya kwanza tangu duka lile lifunguliwe.

Kesho yake fundi wa kona alimjia na karatasi ya vipimo. Ndio ulikuwa utaratibu wa mtaa: aliyezidiwa na kazi humgawia jirani.

"Dada, hii nimeletewa na mwenzetu, nami nimebanwa. Madirisha kumi na manne. Kitambaa unanunua wewe, mwenye kazi analipa akichukua. Utaiweza?"

"Hilo nalo la kuuliza? Lete hapa."

Zambarau yenye madoa ya kijani! Bi Mkasi aliguna. Wenye pesa wana macho yao. Alimaliza akiba yake yote kununua kitambaa, akawarudisha wateja wawili wa siku nyingi, akashona siku nne mfululizo huku akichungulia ng'ambo. Kila alipomwona mgeni akipima na kucheka na watu, roho ilimuuma, kisha akaikumbuka ile oda na kutabasamu. Mwache ahangaike na mapazia yasiyo na mwenyewe.

Ijumaa, pazia la mwisho likiwa linapigwa pasi, wifi yake alipita kumsalimu. Aliligusa lile pazia, akasoma vipimo vilivyobandikwa ukutani, akavuta kiti akakaa taratibu.

"Wifi," alisema, "haya si ndiyo niliyoagiza kwa mgeni?"