Kikapu cha Bi Mwanakheri

Bi Mwanakheri hakuwa ameshuka ngazi zake kwa miaka kumi na tisa. Vilivyoshuka ni vitumbua vyake, kila asubuhi, ndani ya kikapu chenye kamba, kila kimoja kimefungwa kikaratasi chenye mstari wa shairi. Mji mzima ulisema hakuna malenga kama yeye.

Maneno hayo yalimkera Mshamu, kijana wa mtaa huo. Alijifundisha kutunga mwenyewe, akihesabu mizani kwa vidole hata usingizini, na utenzi wake wa mauti ulikuwa na beti mia mbili. Akautia kikapuni.

"Bibi, usome, kisha useme nani malenga."

"Vuta subira, mwanangu," sauti ikajibu dirishani.

Kesho yake kikapu kikashuka na vitumbua saba. Faki, fundi viatu, akafungua chake, akasoma, akaacha kutafuna.

"Leo Bibi katisha."

Mshamu akachungulia. Mwandiko ulikuwa wa Mshamu mwenyewe, mstari mmoja uliokatwa kwa mkasi kutoka utenzi wake.

"Bibi, beti zangu ziko wapi?"

"Mistari mizuri ndiyo hiyo saba iliyoshuka, mwanangu. Iliyobaki nimewashia jiko. Moto wake ulikuwa mkali, sikufichi."

Mshamu akafungua kinywa amtukane. Lakini Faki alikuwa amekwisha kukikunja kile kikaratasi, mafuta yake na yote, akakichomeka ndani ya kofia kama hirizi.

Kikapu kitupu kikaanza kupanda. Mshamu akakidaka kwa mkono mmoja, akakizuia, huku mkono wa pili ukipapasa mfukoni kutafuta kalamu na kikaratasi kidogo.