Kichekesho cha Theluji

Ijumaa ile Mirindi wa Columbus alivunja watu mbavu tena kwa kichekesho cha Nshombo, na Nshombo mwenyewe alikuwa hajakitoa bado.

Wote wawili waliendesha kipindi cha usiku kwenye televisheni moja ya mtandaoni, kwa ndugu wa Kivu walioko Marekani, wanaotoka kiwandani. Mirindi alikuwa na Ijumaa, Nshombo wa Buffalo Jumamosi. Sasa wenye televisheni walisema watabakiza kipindi kimoja tu. Kila Jumamosi Nshombo alionekana mwizi wa maneno yake mwenyewe, na jambo hilo lilimuuma sana.

Kikulacho ki nguoni mwako. Akamwita Clémence, mpiga kamera wake.

"Bon, Clémence. Nani anamupa Mirindi maneno yangu?"

"Haiko miye, Papa. Mungu anajua."

"Anajua, ndiyo. Yeye ninamwambiaka. Donc ni wewe."

Akamfukuza. Clémence aliacha ufunguo wa studio mezani huku analia. Nshombo aliona vibaya, ila si vibaya sana.

Wiki iliyofuata hakuandika kitu. Hata mkewe hakumwambia. Kichekesho alikificha kichwani: theluji ya Buffalo ni kama mjomba, inakuja bila kualikwa na haisemi itaondoka lini. Alikisema kwa Mungu tu, Ijumaa alfajiri, magoti chini, macho amefumba, visikizio vya simu masikioni ili asimwamshe mkewe. Neno lisilobarikiwa hakulipeleka hewani.

Usiku huo Mirindi akakaa kitini, akacheka kile kicheko chake cha bata aliyepaliwa.

"Bandugu, theluji ya Buffalo ni kama muyomba..."

Nshombo alizima televisheni. Basi Clémence hakuwa na kosa. Aliyebaki ni Shetani, na Shetani hafukuzwi kwa barua.

Ijumaa ya mwisho, kabla wenye televisheni hawajaamua, alipiga magoti mapema kuliko siku zote.

"Baba, adui anaiba. Kichekesho hiki nakuachia wewe peke yako." Akakisimulia chote, mpaka mahali pa kucheka.

"Amina!" akaitikia Mama Mukandoli kutoka Louisville, anayeongoza maombi ya pamoja kwa simu.

"Amina!" wakaitikia ndugu wa Tonawanda kwenye simu hiyohiyo.

Kisha kutoka Columbus, mtu aliyesahau kuzima kipaza sauti cha simu yake akacheka kama bata aliyepaliwa.