Saa Zilizosimama Ijumaa

Ijumaa jioni mashine iliyomsaidia Bi Mishi kupumua ilianza kukohoa. Mwanakombo, bintiye, akawapigia simu mafundi.

"Tutafika ndani ya saa mbili, dada," alisema kijana wa zamu. "Zitaanza kuhesabiwa Jumatatu, ofisi ikifunguliwa."

Mwanakombo aliitazama saa ya ukutani. Ilikuwa imesimama kama saa zote za mji, kwa kuwa sheria haikutambua muda ulio nje ya saa za kazi.

"Betri ya mashine haifiki Jumatatu, kaka. Mama atanifia."

"Atakufaje, dada, na hakuna dakika itakayopita?"

Simu ikakatika.

"Wamesemaje?" mama aliuliza kwa shida.

"Wanakuja sasa hivi, mama."

"Basi tuwangoje."

Mwanakombo akaweka kiganja kifuani pa mama, akaanza kuhesabu muda mwenyewe, pumzi kwa pumzi.