Kambale Aliyepachimba pa Kusimama

Hekaya hii ni fupi kuliko shingo ya Korongo, kwa hiyo usisinzie.

Uani kwa Bi Salome palikuwa na bwawa la samaki. Kila asubuhi Korongo alisimama ukingoni, penye maji ya magotini, akidonoa watoto wa Mama Perege. Kati ya arobaini walibaki tisa.

"Nipe siku tatu," Kambale alimwambia Mama Perege.

"Wewe mchafua maji? Utauweza mdomo ule?"

"Mdomo siuwezi. Nitashughulika na pale anaposimama."

Basi Kambale, sharubu zimejaa tope, akachimba kingo na kulisukumia tope katikati. Maji yakawa kama chai ya maziwa, Korongo akija asubuhi haoni hata mkia wa samaki. Mama Perege akamtukana mpaka sauti ikamkauka, naye jamaa anachimba tu.

Siku ya nne Korongo akaja kwa maringo. "Hamjambo, vitoweo vyangu?" Hakutazama chini. Akatia mguu pale pale pa siku zote, akazama mpaka shingoni! Alipapatika, akanywa maji asiyoyataka, akajivuta nje ameloa kama dekio.

"Bwawa lina upande mwingine!" akafoka.

"Huo ndio nilioanza nao, bwana mkubwa," akajibu Kambale.

Korongo akaondoka kwa miguu, mabawa yakichuruzika. Mama Perege akawahesabu wanawe: tisa, wote wazima. Akamsogelea Kambale taratibu.

"Kaka, samahani. Kuanzia leo chafua maji utakavyo."

Fundi yule, jamani! Anayebisha akamuulize Korongo, akishakauka.